Madam C. J. Walker: Mfua Nguo Aliyeipa Heshima Kazi ya Kuosha Vichwa

Kuna kazi ambazo watu huzihitaji kila siku huku wakizidharau kila siku. Mojawapo ni kazi ya yule msichana asimamaye nyuma ya beseni katika saluni, ambaye wajibu wake ni kuosha nywele za wateja kabla ya bibi msusi mwenyewe kuanza ufundi wake. Katika miji yetu, na hata katika vibanda vilivyozunguka kambi za askari, yeye ndiye wa kwanza kufika asubuhi ili ateke na kuchemsha maji, naye ndiye wa mwisho kuondoka jioni baada ya kufagia nywele na kuanika taulo. Ujira wake huwa mdogo, na pengine hutegemea bakshishi ya mteja aliyeridhika. Akiulizwa na wenzake afanya kazi gani, huona haya kujibu. Nao wazazi wake, hasa ikiwa baba ni mtu wa cheo jeshini au katika polisi, huona haya zaidi yake.

Leo tumeona inafaa tuwasimulie ndugu zetu wanajeshi na polisi maisha ya mwanamke mmoja Mmarekani mweusi aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita. Wazazi wake walimwita Sarah, na jina la ukoo lilikuwa Breedlove, lakini ulimwengu unamjua kwa jina la Madam C. J. Walker. Wengi waliosikia habari zake wamesikia juu ya utajiri wake tu. Sisi twasema kwamba utajiri huo ni sehemu ndogo ya habari. Jambo kubwa alilolitenda ni kuichukua kazi ya kuosha kichwa cha mtu mwingine, kazi iliyohesabiwa kuwa ya kijakazi, akaifanya kuwa ufundi wenye mafunzo, wenye cheti, wenye ujira wa haki, na wenye sauti mbele ya serikali.

UTOTO KATIKA SHAMBA LA PAMBA

Sarah alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 katika kijiji cha Delta, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Kijiji hicho kiko kando ya mto Mississippi, karibu na mji wa Vicksburg ulio ng'ambo ya pili. Wasomaji waliosoma habari za vita watalikumbuka jina hilo, kwa maana mji huo ulizingirwa na majeshi ya Jenerali Grant hadi ukasalimu amri tarehe 4 Julai 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokomesha utumwa nchini humo.

Baba yake, Owen, na mama yake, Minerva, walikuwa watumwa katika shamba la pamba. Sarah alikuwa mtoto wao wa kwanza kuzaliwa huru. Lakini uhuru ule ulikuwa wa jina kuliko wa mkononi. Familia iliendelea kuishi katika kibanda kile kile na kuchuma pamba ile ile, na mtoto aliweza kufanya kazi shambani mara tu alipoweza kubeba mfuko. Shule haikuwapo kwa watoto kama yeye. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba utotoni alipata miezi mitatu tu ya mafunzo.

Alipotimiza umri wa miaka 7 alikuwa amekwisha kufiwa na wazazi wote wawili. Akachukuliwa na dada yake, Louvenia, wakavuka mto kwenda Vicksburg kutafuta kazi za nyumbani. Shemeji yake alikuwa mtu mkatili. Ili kuukimbia ukatili huo, Sarah aliolewa na kijana Moses McWilliams angali na umri wa miaka 14. Tarehe 6 Juni 1885 akajifungua mtoto wa kike, Lelia, ambaye ndiye mtoto pekee aliyemzaa. Miaka miwili baadaye mumewe akafariki. Hivyo basi, kabla ya kuufikia umri ambao kijana wa leo humaliza mafunzo ya uaskari, Sarah alikuwa ameshakuwa yatima, mke, mama na mjane.

MIAKA YA BESENI NA SABUNI KALI

Kaka zake walikuwa wamehamia St. Louis, mji mkubwa ulio juu zaidi kando ya mto ule ule, nao walikuwa wakifanya kazi ya unyozi. Mjane huyu kijana akamchukua mwanawe, akawafuata. Kazi aliyoipata ni ile waliyoipata wanawake wengi weusi wa wakati ule, yaani kufua nguo za watu. Aliifanya kwa miaka kadhaa, na ujira wake haukuzidi dola moja na nusu kwa siku.

Tusiipite kazi hiyo kwa haraka. Maji yalitekwa na kubebwa kwa ndoo, yakachemshwa juu ya moto wa kuni au makaa. Nguo zilisuguliwa juu ya ubao wenye mikunjo, kwa sabuni iliyotengenezwa kwa magadi makali ambayo huchuna ngozi ya mikono. Kisha zilisuuzwa, zikakamuliwa kwa nguvu za kifundo cha mkono, zikaanikwa, zikapigwa pasi nzito ya chuma. Mvuke wa sabuni ulipanda usoni na kichwani mchana kutwa. Kwa fedha hizo kidogo Sarah alimlisha mwanawe, akamsomesha, hata akaweza kumpeleka katika chuo cha watu weusi cha Knoxville, jimbo la Tennessee. Mwenye kusema kwamba kazi ndogo haisomeshi mtoto, na ayatazame mabeseni ya Sarah.

Hapo St. Louis alikuwa mshiriki wa kanisa la Kimethodisti la Waafrika, St. Paul. Wanawake wa kanisa hilo, wengine wake wa walimu na wa matabibu, walimpokea bila kumbagua. Kwao aliona kwamba mwanamke mweusi aweza kuvaa vizuri, kusema vizuri, na kuendesha mambo ya jumuiya. Alitamani kuwa kama wao, lakini lilikuwapo jambo moja lililomtia haya, nalo lilikuwa kichwani mwake. Nywele zake zilikuwa zikinyonyoka.

KWA NINI NYWELE ZILINYONYOKA

Maradhi hayo hayakuwa ya Sarah peke yake. Nyumba za maskini hazikuwa na mifereji ya maji wala mahali pa kuogea. Majira ya baridi kali, watu waliogopa kwamba kuosha kichwa kungewaletea mafua na hata homa ya mapafu, kwa hiyo wanawake wengi walikaa majuma mengi bila kuosha nywele. Walipoziosha, walitumia sabuni ile ile kali ya kufulia. Mba ukajaa, vipele vikatoka, ngozi ya kichwa ikaungua, na nywele zikakatika kuanzia mashinani. Ongeza hapo chakula duni na taabu za maisha. Kwa hiyo mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani mchana na usiku pengine hakufanya hivyo kwa mapambo, bali kwa kuficha.

Dawa ya msingi ya maradhi hayo ilikuwa rahisi kuitaja, ingawa haikuwa rahisi kuipata: kichwa kioshwe mara kwa mara, kwa sabuni laini, na mtu ajuaye kazi yake, kisha ngozi ipakwe mafuta yenye dawa. Salfa ilikuwa ikitumiwa na matabibu tangu zamani kutibu magonjwa ya ngozi. Ikichanganywa na mafuta mazito, nta na mafuta ya nazi, iliweza kutuliza kichwa kilichougua na kuzipa nywele nafasi ya kuota tena.

Sarah hakuwa wa kwanza kuligundua hilo. Ukweli huu hapana budi tuuseme. Hapo St. Louis, mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwako mwanamke mwingine mweusi, Annie Turnbo, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Annie Malone. Yeye alikuwa akitengeneza na kuuza dawa zake za nywele, na wasaidizi wake walipita nyumba kwa nyumba wakiwaosha wanawake vichwa na kuwapaka dawa hizo. Sarah akawa mmoja wa wachuuzi wa Turnbo. Hapo ndipo mikono iliyozoea kufua nguo ilipojifunza kuosha vichwa.

DENVER NA JINA JIPYA

Mwezi Julai mwaka 1905, Sarah alihamia Denver, mji wa milimani katika jimbo la Colorado, akiwa na akiba ya dola moja na nusu tu, yaani ujira wa siku moja ya kufua. Inaelezwa kwamba alipata kazi ya upishi katika nyumba ya mfamasia, na huenda huko alijifunza mengi juu ya dawa na vipimo vyake. Jioni na siku za mapumziko aliwatembelea wanawake weusi wa mji huo, akawaosha nywele, akawauzia dawa.

Mwezi Januari mwaka 1906 aliolewa na Charles Joseph Walker, mtu aliyeijua kazi ya matangazo ya magazetini. Tangu hapo akajiita Madam C. J. Walker. Neno Madam lilikuwa na sababu. Siku zile wazungu wa Marekani hawakuwaita wanawake weusi kwa heshima ya bibi. Waliwaita kwa majina yao ya utotoni tu, au waliwaita shangazi kama wanavyoitwa watumishi wa nyumbani. Mwanamke huyu akajichagulia jina ambalo kila amtajaye angelazimika kumheshimu, apende asipende.

Akaanza kutengeneza dawa yake mwenyewe, akaachana na Turnbo. Ugomvi ukazuka. Turnbo alidai kwamba ufundi wake umeibwa, naye Walker alisimulia kwamba siri ya dawa ilimjia katika ndoto, na kwamba baadhi ya viungo vyake vilitoka Afrika. Sisi hatutatoa hukumu juu ya ndoto ya mtu. Twasema tu kwamba dawa za aina ile zilifanana sana, na kwamba Turnbo anastahili sehemu yake ya sifa ambayo mara nyingi hunyimwa. Vivyo hivyo, si kweli kwamba Walker ndiye aliyebuni kitana cha moto cha kunyooshea nywele. Chombo hicho kilikuwapo kabla yake. Lililo lake kwa haki ni namna alivyoipanga kazi.

KAZI INA HATUA ZAKE

Kila askari ajua kwamba bunduki haisafishwi ovyo. Kuna hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu, na anayeruka hatua atajuta siku ya vita. Walker aliitazama kazi ya kuosha nywele kwa jicho la namna hiyo. Mteja aketipo, kwanza ngozi ya kichwa ikaguliwe ijulikane ni nzima au mgonjwa. Nywele zipigwe brashi ili mba ulegee. Kichwa kioshwe kwa sabuni laini ya maji, ncha za vidole zikisugua ngozi, kisha kisuuzwe mpaka utelezi wote uishe. Nywele zikaushwe. Dawa ipakwe kwenye ngozi na kukandwa ili damu ipite vizuri. Mwishoni ndipo zichanwe kwa kitana kilichopashwa moto. Vyombo viwe safi, mikono iwe safi, na mfanyakazi mwenyewe awe nadhifu.

Wako waliomlaumu, tangu wakati wake hadi leo, kwamba alikuwa akiwafundisha watu weusi kuziiga nywele za wazungu. Lawama hiyo si ya kupuuzwa, maana kitana cha moto kilikuwa sehemu ya kazi yake na wanawake wengi walikwenda kwake kwa ajili hiyo. Hata hivyo, yeye mwenyewe alikataa kuitwa mnyoosha nywele. Alisisitiza kwamba kazi yake ni afya ya kichwa, na matangazo yake yalionyesha picha yake mwenyewe, uso wa mwanamke mweusi, ilhali wauzaji wengine walichapa nyuso za wazungu.

Kuanzia mwaka 1906 alisafiri katika majimbo ya kusini, mji kwa mji, kanisa kwa kanisa, akionyesha kazi hiyo mbele ya watu na kufundisha wasaidizi. Binti yake Lelia alibaki Denver akituma dawa kwa posta. Mwaka 1908 walifungua ofisi na chuo mjini Pittsburgh, wakakiita chuo hicho kwa jina la Lelia. Mwaka 1910 Walker akahamia Indianapolis, mahali penye njia nyingi za reli ziendazo pande zote za nchi, akajenga kiwanda, saluni na shule. Kampuni yake iliandikishwa kisheria mwaka 1911, huku mwanasheria mweusi Freeman Ransom akisimamia mambo yake. Mwaka 1912 alitalikiana na Walker, lakini jina akabaki nalo.

Waliokuja katika shule zake walikuwa wapishi, yaya, wachuma pamba na wafua nguo. Walijifunza, wakapewa cheti, wakarudi kwao kufungua vyumba vyao vya kuoshea na kutengenezea nywele, au kupita nyumba kwa nyumba na mkoba wa dawa. Mwanamke aliyekuwa akiinama juu ya beseni la bibi wa kizungu kwa dola moja na nusu, sasa aliinama juu ya beseni lake mwenyewe, na fedha aliyopewa mkononi ilikuwa yake. Kuinama kulikuwa kule kule. Kilichobadilika ni nani anayemiliki beseni. Hesabu za kampuni zilitaja maelfu ya wanawake waliofunzwa kazi hiyo.

MKUTANO WA CHICAGO

Mwaka 1912, Shirikisho la Wafanyabiashara Weusi lilifanya mkutano wake mjini Chicago chini ya uongozi wa Booker T. Washington, kiongozi aliyesikilizwa zaidi miongoni mwa watu weusi wa siku zile. Walker alikwenda akitaka kutoa habari za kazi yake. Kiongozi huyo hakumpa nafasi. Kazi ya nywele za wanawake haikuonekana kuwa biashara ya kuzungumzwa mbele ya wenye mabenki na wenye magazeti. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Siku ya mwisho Walker akasimama bila kuitwa. Akaueleza mkutano kwamba alitoka katika mashamba ya pamba ya kusini, akapandishwa hadi kwenye beseni la kufulia, kisha jikoni, na kutoka jikoni akajipandisha mwenyewe hadi kuwa na kiwanda kilichojengwa juu ya ardhi yake.

Hakuficha hata kazi moja aliyowahi kuifanya, na kwa hiyo hapakuwa na wa kumfedhehesha. Mwaka uliofuata, Washington yule yule alimwalika awe mmoja wa wazungumzaji rasmi.

WALIOPEWA SILAHA WALISIMAMA WAKITAZAMA

Tunafika sasa mahali ambapo habari hii yawahusu wasomaji wetu zaidi ya wengine wote. Mwezi Julai mwaka 1917, katika mji wa East St. Louis, ulio ng'ambo ya mto kutoka pale Walker alipofulia nguo zamani, makundi ya wazungu yaliwavamia watu weusi. Nyumba zilichomwa moto na watu ndani. Hesabu rasmi ilitaja weusi 39 waliouawa, na wengi waliamini kwamba waliokufa walizidi hao. Polisi walikuwako. Askari wa jimbo walikuwako. Wengi wao walisimama wakitazama, na wengine walishutumiwa kwamba walishiriki.

Tarehe 28 Julai mwaka huo, watu weusi wapatao 8,000 au zaidi walitembea kimya kimya katika barabara kuu ya New York, wanawake na watoto wakivaa nguo nyeupe, hapasikiki ila ngoma. Walker, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Harlem, alikuwa miongoni mwa viongozi waliokwenda Washington tarehe 1 Agosti kumwona Rais Wilson na kumtaka achukue hatua dhidi ya mauaji ya makundi. Rais hakuwapokea. Waliambiwa ana shughuli nyingine, wakaonana na katibu wake tu.

Mwisho wa mwezi huo huo, Walker alikusanya mjini Philadelphia mkutano wa kwanza wa chama cha mafundi wake wa nywele. Walifika wajumbe wapatao 200. Zawadi hazikutolewa kwa wale tu waliouza dawa nyingi, bali pia kwa wale waliowasaidia zaidi maskini wa miji yao. Kisha wanawake hao, waosha vichwa na wapaka mafuta, wakampelekea Rais simu ya maandishi wakilalamikia mauaji ya East St. Louis na kudai sheria ya kuyazuia. Kwa kuwa hawakumtegemea bwana wala bibi kwa mshahara, hapakuwa na wa kuwafukuza kazi kwa sababu ya maneno yao. Hapo ndipo twaona maana halisi ya ujira wa haki: humpa mtu ulimi.

WALKER NA ASKARI WEUSI

Mwaka huo wa 1917 Marekani iliingia katika vita kuu vya kwanza vya dunia. Watu weusi zaidi ya 350,000 walitumikia jeshini. Wengi wao hawakupewa bunduki bali koleo, wakawekwa kupakua meli na kuchimba. Lakini baadhi ya vikosi vilipigana, na maarufu kuliko vyote ni kikosi cha 369 kutoka Harlem, kilichowekwa chini ya amri ya Wafaransa na kukaa siku 191 katika mstari wa mbele. Walker aliungana na jumuiya ya wanawake na wanaume waliokusanya misaada kwa ajili ya askari weusi na familia zao, akahimiza ununuzi wa hati za mkopo wa vita, na kuwatia moyo vijana waliokuwa wakiondoka.

Lakini hakukubali kwamba uaminifu wa askari ulipwe kwa dharau. Aliamini kwamba mtu aliyepelekwa ng'ambo kupigania haki za wengine ana haki ya kuikuta haki hiyo nyumbani kwake. Vita vilipokwisha, alikuwa miongoni mwa watu weusi waliochaguliwa kwenda katika mkutano wa amani huko Ufaransa ili kupeleka malalamiko yao. Serikali ya nchi yake ikawanyima pasipoti, na wapelelezi wa jeshi wakaamriwa kufuatilia nyendo zake.

Tarehe 17 Februari 1919, kikosi cha 369 kilirudi na kupita katika barabara za New York hadi Harlem kwa shangwe kubwa. Shangwe hiyo haikudumu. Katika mwaka huo huo baadhi ya askari weusi waliorejea kutoka vitani waliuawa na makundi ya wazungu katika majimbo yao wenyewe.

MWISHO WA SAFARI

Mwaka 1918 Walker alihamia katika jumba alilojengewa huko Irvington, kando ya mto Hudson, na Vertner Tandy, mtu mweusi wa kwanza kupewa leseni ya usanifu wa majengo katika jimbo la New York. Hakulikalia muda mrefu. Miaka mingi ya kazi nzito na safari zisizokoma ilikuwa imemchosha, shinikizo la damu na maradhi ya figo yakamshinda. Alifariki tarehe 25 Mei 1919, akiwa na umri wa miaka 51. Majuma machache kabla ya hapo alikuwa ameahidi dola 5,000 kwa ajili ya mapambano dhidi ya mauaji ya makundi. Alizikwa katika makaburi ya Woodlawn, New York.

Magazeti yalimwita milionea. Mali aliyoiacha ilikadiriwa kuwa dola 600,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule, lakini si milioni kama ilivyozoeleka kusemwa. Katika wasia wake aliagiza kwamba theluthi mbili za faida ya baadaye ya kampuni ziende katika kazi za hisani, zikiwamo shule na nyumba za yatima na wazee. Jengo kubwa la kampuni yake lilifunguliwa Indianapolis mwaka 1927, na mwaka 1998 serikali ya Marekani, ile iliyomnyima pasipoti, ilitoa stempu ya posta yenye sura yake.

TUNAJIFUNZA NINI

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni huinama. Walker aliinama maisha yake yote: juu ya pamba, juu ya nguo za watu, juu ya vichwa vya watu. Lakini hatusemi kwamba kila ainamaye hutajirika, maana huo ungekuwa uongo wa kuwalaza maskini usingizi. Wafua nguo wengi wa St. Louis walikufa wafua nguo, nao hawakuwa wavivu kuliko yeye. Tunasema kwamba kazi ikipewa mafunzo, usafi, cheti na ujira wa haki, mwenye kuifanya husimama wima hata akiwa ameinama.

Basi, ndugu zetu wa majeshi na polisi, wengi wenu mna wake, dada na mabinti wanaofanya kazi katika saluni, au watakaoifanya kesho. Binti akianza kazi nyuma ya beseni, msimwonee haya. Muulizeni mambo matatu. Je, anafundishwa, au anatumikishwa tu? Je, mikono yake inalindwa dhidi ya dawa kali ambazo sasa ni nyingi kuliko za zamani? Je, analipwa siku ya malipo, au anaahidiwa? Akijibiwa vibaya katika hayo, msaidieni adai haki yake kwa njia za sheria.

Na kwenu ninyi wenyewe mlioshika silaha kwa niaba ya umma, yabaki mafunzo ya East St. Louis. Mosha nywele, mfua nguo na mchuuzi wa sokoni hawana ngao nyingine siku ya ghasia ila sare yenu. Siku ile askari walisimama wakitazama, na kazi ya kuwasemea waliouawa ikaangukia wanawake wa mabeseni. Nao waliifanya.